Kile chombo cha manjano si bomu: glaida za baharini na misimu ya ncha za dunia

Desemba 2020 mvuvi mmoja wa Indonesia aliopoa kitu kirefu kama kombora karibu na kisiwa cha Selayar. Kilikuwa bomba la urefu wa mita mbili na ushei, lenye mabawa mawili ubavuni na mkia wenye antena. Siku chache baadaye picha zilikuwa zimesambaa, jeshi la majini la nchi hiyo limekichukua, na mitandaoni kimeshapewa jina: droni ya kijasusi. Wataalamu waliokitazama walisema kinafanana na glaida ya baharini ya aina inayotengenezwa China.

Picha za vyombo vya namna hiyo hupita kwenye simu zetu mara kwa mara, na maoni chini yake huwa yaleyale. Ni bomu. Ni nyambizi ndogo. Ina kamera, inatupiga picha. Taarifa ikisema kimepelekwa Antaktika, lile bara la barafu kwenye ncha ya kusini ya dunia, kuchunguza mabadiliko ya msimu katika maisha ya baharini, watu huchanganyikiwa zaidi: kule kuna misimu gani, si barafu mwaka mzima? Na hata kama ipo, meli na setilaiti zimeshindwa nini?

Maswali haya ni ya haki kabisa, na majibu yake yanafuatana. Ukielewa jinsi glaida inavyotembea utaelewa kwa nini inaweza kukaa majini muda mrefu, na ukielewa hilo utaona kwa nini watafiti wa ncha za dunia wameipenda hivyo.

Glaida ni nini hasa

Mwangalie mwewe saa za adhuhuri. Hapigi mabawa. Amejiachia, anashuka polepole, na ule mshuko wenyewe ndio unaompeleka mbele. Glaida ya baharini hufanya vivyo hivyo ndani ya maji, ila ina uwezo mmoja wa ziada: huteleza pia kwenda juu. Haina mtu ndani wala baruti, na kwa kawaida haina propela, ingawa nyingine huwekewa ndogo ya kusaidia penye shida.

Tofauti yake na vyombo vinavyofanana nayo ni rahisi. Nyambizi ina injini inayoisukuma. Boya la utafiti halichagui njia, huenda mkondo unakolipeleka. Glaida iko katikati: haina injini ya kuisukuma, lakini ina usukani na ina pa kwenda.

Inazamaje bila injini? Chukua kile kisahani cha foili ulichofungiwa chipsi. Kiweke juu ya maji kwenye beseni, kitaelea. Sasa kikunje, ukiminye kwa ngumi mpaka kiwe donge gumu lisilo na hewa, kisha ukirudishe majini. Kinazama. Hujaongeza uzito hata chembe. Ulichofanya ni kupunguza nafasi kinayochukua ndani ya maji, na maji hukibeba kitu kwa kadiri ya nafasi kinayochukua.

Glaida hujiminya na kujivimbisha kwa namna hiyo. Zile za kina kifupi zina pampu puani inayovuta na kusukuma maji ya bahari. Zile zinazoshuka hadi mita 1,000 huhamisha mafuta kati ya mfuko wa ndani na mfuko wa nje. Mafuta yakirudi ndani, glaida hupungua ukubwa na kuzama, na yakitoka nje huvimba kidogo na kupanda. Samaki wengi wana kibofu cha hewa kwa kazi iyo hiyo. Kinachonishangaza kila nikilifikiria jambo hili ni udogo wa kiasi kinachohamishwa: takriban nusu lita, chupa moja ndogo ya maji ya kunywa, kwa chombo cha kilo 50 hadi 70.

Mabawa ndiyo yanayogeuza kuzama kuwe safari. Bila mabawa ingeshuka wima kama jiwe, lakini kwa sababu yapo, huteleza mbele ikishuka na mbele ikipanda, na njia yake inakuwa kama meno ya msumeno. Ikitaka kuinamisha pua husogeza betri yake nzito mbele, ikitaka kuinua huirudisha nyuma. Mwendo wake ni kama kilomita moja kwa saa. Mtoto anayejifunza kutembea angeiacha nyuma. Lakini pampu hufanya kazi kubwa juu na chini tu, kwenye kugeuka, na njia yote iliyobaki ni ya bure. Ndiyo maana chombo kinachotumia umeme mdogo hivyo kinaweza kukaa baharini wiki nyingi, hata miezi, bila mtu kukigusa.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1989 mwanasayansi wa bahari wa Marekani, Henry Stommel, aliandika makala ya kubuni akiwaza siku ambayo vyombo vingi vidogo vingezunguka bahari zote vikipima na kutuma habari. Rafiki yake mhandisi, Doug Webb, ndiye aliyekuwa akihangaika na chombo chenyewe. Glaida iliyotokana na kazi hiyo iliitwa Slocum, jina la Joshua Slocum, baharia wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898. Mwaka 2009 glaida moja ya Chuo Kikuu cha Rutgers iliyoitwa Scarlet Knight ilivuka Atlantiki kutoka New Jersey hadi Hispania kwa siku 221.

Kwa nini haiongozwi kama droni

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Watu hudhani kuna mtu amekaa mbele ya skrini, ana usukani mkononi, anaona kila glaida inachokiona. Hakuna. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi. Simu yako ikitumbukia baharini, mtandao unakatika pale pale, na setilaiti haina uwezo wa kuifikia. Glaida nayo ikiwa chini haisikii wala haisemi na nchi kavu.

Kwa hiyo hupewa maagizo kabla ya kuzama: nenda upande fulani, shuka mpaka mita kadhaa, rudi juu baada ya saa kadhaa. Ikiibuka huinua mkia wenye antena juu ya maji, hujua ilipo kwa GPS, kisha hupiga simu kwa setilaiti. Hutuma vipimo vyake, hupokea maagizo mapya, na kuzama tena. Mtafiti anaweza kuwa amelala nyumbani kwake bara jingine, akaamka na kukuta ujumbe.

Na ujumbe huo kwa kawaida si picha. Ni tarakimu: joto la maji, kiasi cha chumvi, oksijeni, mwanga unaofika kwenye kina fulani, na mng'ao wa klorofili, ile rangi ya kijani iliyomo ndani ya mimea. Kifaa humulika maji kwa mwanga wa buluu, na klorofili ikiwepo hurudisha mng'ao mwekundu. Kadiri mng'ao unavyozidi, ndivyo mimea ilivyo mingi. Glaida nyingine hubeba kifaa cha mwangwi, kazi yake kama ya popo: hutoa sauti, husubiri irudi, na kwa jinsi ilivyorudi hukadiria kuna viumbe wangapi mbele.

Lakini wasiwasi wa wale wa Indonesia haukuwa upuuzi. Namna sauti inavyosafiri baharini hutegemea joto na chumvi, na anayejua joto na chumvi za eneo anajua pia nyambizi zinaweza kujificha wapi. Vipimo vilevile vinavyomfaa mtafiti wa samaki vinamfaa pia mwanajeshi. Desemba 2016 China iliichukua glaida ya jeshi la majini la Marekani katika Bahari ya Kusini ya China, ikairudisha siku chache baadaye. Chombo ni kilekile. Kinachotofautiana ni aliyekituma na anayepokea tarakimu, kwa hiyo nchi yenye bahari ina haki ya kuuliza.

Kule kuna misimu, tena mikali

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba bahari ina misimu. Kuna kaskazi, kuna kusi, na katikati kuna tanga mbili, bahari ikitulia. Mvuvi anajua mwezi gani atoke na mwezi gani avute chombo juu akikarabati. Sasa chukua maarifa hayo uyazidishe mara nyingi, ndipo uanze kuipata picha ya Antaktika.

Mwezi Februari, mwisho wa kiangazi cha kusini, barafu iliyotanda juu ya bahari kuizunguka Antaktika hubaki kama kilomita za mraba milioni 3. Ikifika Septemba imekuwa kama milioni 18. Ongezeko hilo la milioni 15 ni nusu ya bara zima la Afrika, au nchi kama Tanzania 16, linalotanda na kuyeyuka kila mwaka. Hakuna masika wala kiangazi cha kwetu kinachobadilisha sura ya nchi kwa kiasi hicho. Mwaka 2023 kilele cha Septemba hakikufika hata milioni 17, kidogo kuliko miaka yote tangu setilaiti zianze kupima mwaka 1979. (Ncha ya Kaskazini, yaani Aktiki, kalenda imegeuzwa: barafu huwa nyingi Machi na kidogo Septemba. Na kwa kuwa hili nalo huchanganywa sana, dubu weupe wanaishi kaskazini, pengwini wanaishi kusini. Hawajawahi kukutana.)

Barafu hii ya bahari ni maji ya bahari yaliyoganda, kwenye nyuzi joto karibu 1.8 chini ya sifuri. Isichanganywe na ile ya nchi kavu, ambayo ni theluji iliyojazana bara kwa maelfu ya miaka. Barafu inayoelea ikiyeyuka karibu haipandishi kina cha bahari, kama vile kipande cha barafu kinavyoyeyuka ndani ya glasi ya juisi bila glasi kufurika. Ile ya nchi kavu ikiteremka baharini ndiyo inayopandisha.

Lakini barafu inayoelea ina kazi kubwa nyingine, nayo ni kuamua nani atakula na lini. Majira ya baridi, jua halichomozi kwa wiki nyingi au huchungulia tu, na barafu imefunika. Chini yake ni giza, na mimea midogo ya baharini, planktoni, haiwezi kukua. Ni midogo kiasi kwamba hutaiona kwa jicho, lakini ndiyo majani ya malisho ya bahari nzima. Majira ya kuchipua jua linarudi, barafu inayeyuka, na maji yake ambayo hayana chumvi nyingi hukaa juu ya maji mazito ya chumvi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Tabaka hilo jembamba huizuia planktoni isizame gizani. Ina mwanga, ina mbolea iliyokusanyika wakati wote wa baridi, na ndani ya wiki chache bahari inageuka kijani.

Anayekula kijani hicho ni krili. Mfikirie uduvi, wale kamba wadogo wanaokaushwa na kuuzwa kwa vibaba sokoni, ila huyu wa Antaktika hufika sentimita 6 na huweza kuishi miaka mitano au sita. Huogelea kwa makundi yasiyo na hesabu. Nyangumi humla, na sili, na pengwini, na samaki. Watoto wa krili hupitisha baridi yao ya kwanza wakikwangua mimea inayoota chini ya barafu, kwa hiyo barafu ikichelewa au ikikosekana, krili wa mwaka ule hupungua.

Sasa weka kalenda ya pengwini wa Adélie juu ya kalenda hiyo. Hutaga Novemba, vifaranga huanguliwa Desemba, na mapema Februari vinaingia baharini kujitafutia. Mzazi ana wiki chache tu za kubeba krili tumboni na kurudi kumtapikia mtoto. Chakula kikikolea mwezi mmoja mapema, au kikawa mbali zaidi, kifaranga hajui kusubiri.

Mgeni wa wiki moja hasimulii msimu

Meli ya utafiti ni chombo kizuri, lakini ni mgeni. Hufika Januari bahari ikiwa wazi, hukaa wiki kadhaa, hupima hapa na pale, huondoka. Ni kama mtu aje Mombasa wiki ya kwanza ya Januari, apige picha, kisha aende kuandika jinsi mvua za masika zinavyokuwa. Tena meli hula mafuta mengi kila siku na ina watu wa kulishwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuiacha palepale miezi sita.

Setilaiti hurudi kila siku, hilo ni kweli, na zimetufundisha mengi. Lakini zinaona ngozi ya bahari tu. Wingu likitanda hazioni rangi ya maji, na bahari ya kusini ina mawingu karibu kila siku. Usiku wa miezi ya baridi hazioni, na chini ya barafu vilevile. Planktoni ikijikusanya mita 40 chini, setilaiti haina habari.

Glaida hukaa. Haioni eneo kubwa, ni mstari mmoja mwembamba wa meno ya msumeno, lakini inapita palepale leo, kesho, wiki ijayo, na dhoruba iliyowafungia watu bandarini haiizuii. Kwa mtu anayetaka kujua msimu unavyobadilika, kuwepo pale jambo linapotokea ni bora kuliko kuona mbali.

Mfano wa karibu na bara letu ni wa Afrika Kusini. Watafiti wa Cape Town waliacha glaida katika bahari ya kusini-magharibi ya rasi yao kuanzia Septemba 2012 hadi Februari 2013, miezi mitano na nusu, kutoka kuchipua mpaka kiangazi. Meli ingewapa nukta chache tu, glaida ikawapa mfululizo. Waliona kwamba mwanzo wa msimu planktoni haianzi kukua sawasawa kila mahali, huanza kwa mabaka, pale mizunguko ya maji inapoyapanga maji mepesi juu ya mazito. Na kiangazi, dhoruba zinazopita kila baada ya siku chache huchanganya maji, huleta mbolea kutoka chini, kisha hutulia, na mimea hupata mwanga tena. Dhoruba tuliyodhani ni adui wa malisho kumbe ndiyo inayoyafanya yasikauke.

Mfano wa pili ni Palmer, kituo cha Marekani kwenye kisiwa cha Anvers, Rasi ya Antaktika, ambako bahari imefuatiliwa kwa mfululizo tangu 1990. Baridi ya eneo hilo imepungua makali sana tangu katikati ya karne iliyopita, na msimu wa barafu umefupika kwa miezi. Pengwini wa Adélie waliozalia visiwa vya jirani walikuwa takriban jozi 15,000 katika miaka ya 1970. Wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kwenye kisiwa cha Litchfield hawazalii tena.

Mbele ya visiwa hivyo kuna korongo refu chini ya bahari, na kwa miaka mingi maelezo yaliyokubalika yalikuwa mepesi: maji ya vuguvugu yenye mbolea hupanda kutoka korongoni, planktoni hunenepa hapohapo, krili hufuata, pengwini hula. Hadithi nzuri, iliyokaa vizuri. Glaida zilipopita juu ya korongo hilo msimu baada ya msimu, zilikuta maji ya chini ni nadra kufika juu kabisa. Kilichoamua zaidi ukuaji wa mimea kilikuwa mwanga, yaani wembamba wa lile tabaka la juu. Na mikondo ya juu huyahamisha maji upesi kiasi kwamba kijani unachokiona leo huenda kilikulia kwingine. Kwa hiyo swali likageuka: krili wanazuiwa na nini wasipitilize? Kazi iliyofuata, ya glaida na rada zilizosimikwa ufukweni, ilionyesha mzunguko wa maji ya chini ndani ya korongo unaoweza kuwashikilia viumbe wanaoshuka mchana na kupanda usiku. Hata kujaa na kupwa kwa maji hubadilisha umbali anaokwenda pengwini kutafuta chakula, jambo ambalo mvuvi yeyote anayehesabu siku za bamvua asingelistaajabia.

Gramu mia moja na sitini na tano

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu watu huiona glaida kama chombo cha teknolojia ya juu kisichokosea, kumbe maisha yake yanategemea mizani.

Kabla ya safari, mafundi huitumbukiza kwenye tangi la maji ya chumvi, huipima, hufungua, huongeza au kupunguza vipande vidogo vya chuma gramu kwa gramu, hufunga, huipima tena. Sababu ni hii. Glaida ya lita 55 ina nusu lita tu ya kuchezea, yaani kama robo kilo kwenda juu na robo kilo kwenda chini. Lita moja ya maji baridi ya Antaktika ina uzito wa gramu kama 1,027. Lita ya maji ya uvuguvugu ya Zanzibar ina kama 1,022. Tofauti ya gramu 5 haionekani kitu, lakini zidisha kwa lita 55: gramu 275. Glaida iliyosawazishwa kwa maji ya Zanzibar ingefika Antaktika ikakataa kuzama, ikaelea kama dumu tupu.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Glaida iliyosawazishwa vizuri kwa maji ya chumvi ya Antaktika inapanda kutoka chini, inakutana na lile tabaka la juu la barafu iliyoyeyuka. Maji yamepungua uzito kwa gramu 3 kwa lita. Mara 55 ni gramu 165, zaidi ya nusu ya nguvu yake yote ya kupanda imeliwa. Ikiwa imebeba vifaa vizito kidogo, au magugu ya bahari yameigandia, inaweza kugota mita chache chini ya uso wa maji, antena ikiwa imelowa, isiweze kupiga simu. Tabaka lilelile linalolisha krili ndilo linaloweza kuimeza glaida iliyotumwa kulichunguza. Juu ya hapo kuna milima ya barafu inayotembea, na baridi inayopunguza nguvu ya betri. Glaida hupotea, na watafiti wanaozituma wanalijua hilo wanapoisukuma kutoka kwenye boti la mpira.

Haya yanatuhusu nini

Agosti 2025 uvuvi wa krili ulifungwa mapema baada ya kufikia kikomo cha tani 620,000 kwa mara ya kwanza. Krili huvuliwa kwa ajili ya chakula cha samaki wa kufugwa na vile vidonge vya mafuta ya omega. Uvuvi huo husimamiwa na tume ya kimataifa ya kuhifadhi viumbe wa bahari ya Antaktika, na mwaka 2024 nchi wanachama zilishindwa kukubaliana kuendelea na utaratibu uliokuwa ukiyatawanya mavuno maeneo mbalimbali. Meli zikajazana karibu na Rasi ya Antaktika, mahali pengwini na nyangumi wanapopata chakula. Ubishi wote unarudi kwenye swali moja: krili wako wangapi, wapi, mwezi gani? Marekani, iliyokuwa ikiwahesabu kwa meli, ilianza kutumia glaida zenye vifaa vya mwangwi kwenye msimu wa 2018/19. Kwangu mimi hapa ndipo glaida inapolipa gharama yake, kwa sababu kiwango cha uvuvi kinachowekwa kwa hesabu ya Januari pekee hakimjui krili wa Juni.

Kwetu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki uhusiano upo, na hauhitaji kutiwa chumvi. Barafu ya Antaktika inapoganda huyaachia maji chumvi yake, maji hayo yanakuwa mazito, yanazama, na kutambaa sakafuni. Maji ya chini kabisa ya Bahari ya Hindi, hata yale yaliyo mbali nje ya Somalia na Tanzania, asili yake ni huko. Bahari ya kusini pia hufyonza takriban asilimia 40 ya hewa ya ukaa ya binadamu inayoingia baharini, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na ile planktoni ya msimu. Na roboti zenyewe zimeshafika kwetu: mwaka 2019 mradi wa SOLSTICE-WIO, ulioshirikisha watafiti wa Tanzania na Uingereza, ulipeleka roboti za chini ya maji, glaida zikiwemo, kwenye mlango wa bahari wa Pemba, kuchunguza jinsi maji yanavyojichanganya wakati wa kusi na samaki wanavyofuata.

Kilichobaki kigumu ni majira ya baridi yenyewe. Barafu ikifunga, glaida haina pa kuibukia, na bila kuibuka haina GPS wala simu. Timu ya Chuo Kikuu cha Washington ilijaribu hilo Januari 2018. Iliziacha glaida karibu na Dotson, utando mnene wa barafu ya nchi kavu unaoelea juu ya bahari huko Antaktika Magharibi, ziingie chini yake na kutoka. Baharini walitega vifaa vya kutoa milio, na glaida ilijua ilipo kwa kupima mlio ulichukua muda gani kuifikia. Barafu ya bahari ilipofunga, simu zikakatika. Miezi ikapita bila neno, na hakuna aliyejua chini ya ile dari kuna glaida au kuna bomba lililokufa. Kiangazi kilichofuata, maji yalipofunguka, simu ikaita.